Barua ya toleo mkononi, hati miliki benki

Mwezi Agosti mwaka 2019 nilikubaliana na bwana mmoja kununua nyumba yake ya vyumba vitatu iliyopo Ilazo, hapa Dodoma, kwa shilingi milioni 68, na siku ileile nikamlipa advansi ya shilingi milioni 3 mbele ya dalali na shahidi mmoja. Nilikuwa nimehamia kutoka Dar es Salaam pamoja na ofisi yetu miaka miwili kabla ya hapo, nikapanga Area C kwa kodi iliyopanda kila mkataba ulipokwisha, na nilikuwa nimechoka kuhamahama. Muuzaji alinionyesha barua ya toleo, yaani barua anayopewa mtu aliyegawiwa kiwanja kabla hati miliki haijatoka, yenye jina lake, risiti za kodi ya pango la ardhi na kitambulisho chake. Nilipomuuliza hati miliki yenyewe iko wapi, alijibu kwa utulivu kwamba bado inashughulikiwa, na jibu hilo nililiamini mara moja, kwa kuwa karibu kila mtu ninayemfahamu mwenye kiwanja katika mji huu amewahi kusubiri hati hadi akakata tamaa.

Wakili niliyemwendea ili atuandikie mkataba wa mauziano alikataa kuandika hata mstari mmoja kabla ya kufanya upekuzi rasmi, au serchi kama wengi tunavyoiita, kwa Msajili wa Hati. Nakiri kwamba nilimkasirikia. Muuzaji alikuwa ameniambia kuna mnunuzi mwingine anayekuja na fedha taslimu siku ya Jumatatu, na kila siku iliyopita niliiona kama siku ya kunyang'anywa nyumba ambayo moyoni nilishaihesabu kuwa yangu. Majibu yalipotoka yalisema mambo mawili kwa maneno machache sana: kwamba hati ya nyumba ile ilikuwa imeshatolewa zamani, na kwamba juu yake ilikuwa imesajiliwa rehani ya benki ambayo haijafutwa. Barua ya toleo niliyoonyeshwa haikuwa ya kughushi hata kidogo. Ilikuwa halali, ya kweli, yenye muhuri wa kweli, isipokuwa safari yake ilikuwa imekwisha siku hati ilipotoka, na hati hiyo ilikuwa imelala kwenye kabati la benki ikisubiri deni lilipwe.

Kati ya zile milioni 3 nilirudishiwa milioni 2, kidogo kidogo, ndani ya miezi minane. Iliyobaki sikuipata tena.

Ninaeleza haya kwa sababu watu wengi ninaozungumza nao bado wanadhani utapeli wa nyumba maana yake ni karatasi bandia, na kwamba mtu mwenye macho makali anaweza kuitambua kwa kuigusa au kwa kuitazama kwenye mwanga. Karatasi bandia zipo, lakini zinazowaumiza watu makini zaidi ni karatasi halali zilizopitwa na wakati, au karatasi halali zinazoonyesha nusu tu ya habari. Rehani iliyosajiliwa huifuata ardhi wala haimfuati mtu. Ukinunua nyumba yenye rehani bila deni kulipwa, umenunua pamoja na haki ya benki ya kuiuza siku mkopaji wa awali atakaposhindwa kulipa, hata kama wewe hukuchukua senti moja ya mkopo huo. Jambo hilo halionekani kwenye karatasi anayoishika muuzaji. Linaonekana kwenye daftari la Msajili, pamoja na jina la mmiliki wa sasa, muda wa miliki uliobaki, tahadhari zilizowekwa na watu wenye madai, na mazuio ya mahakama kama yapo. Ndiyo maana serchi ya mwezi uliopita, iliyofanywa na muuzaji mwenyewe na kuletwa kwako kama zawadi, haifai kutegemewa. Ifanye wewe, na uifanye karibu kabisa na siku ya kulipa.

Nilipomsimulia binamu yangu anayeishi Marekani kisa hiki, swali lake la kwanza lilikuwa kama nilikuwa nimelipia bima ya milki. Sikujua anazungumzia nini, akanieleza kwa subira, nami baadaye nikajisomea zaidi. Kwao mnunuzi wa nyumba hulipa mara moja tu, siku ya kukamilisha ununuzi, kwa kampuni ambayo kwanza hupekua kumbukumbu zote za nyumba ile, kisha hujifunga kumlinda kwa hasara itakayotokana na kasoro za nyuma: rehani iliyosahaulika, saini ya kughushi, mrithi aliyejitokeza baadaye, deni la kodi lililobaki. Zipo za aina mbili, moja ya kumlinda mkopeshaji na nyingine ya kumlinda mwenye nyumba, na wengi hupotea hapo, kwa sababu benki humlazimisha mnunuzi alipie ile ya kuilinda benki, naye akadhani amejilinda mwenyewe. Chanzo chake ni kesi ya Watson dhidi ya Muirhead iliyoamuliwa Pennsylvania mwaka 1868, ambapo mnunuzi aliambiwa na mtaalamu wake kwamba deni fulani halikuishika ardhi aliyokuwa akiinunua, akanunua, ikabainika kwamba liliishika, na mahakama ikasema mtaalamu hawajibiki kwa kuwa alitegemea maoni ya kisheria. Mwaka 1876 kampuni ya kwanza ya bima hiyo ikaanzishwa Philadelphia.

Hapa kwetu bima ya namna hiyo si sehemu ya kawaida ya ununuzi wa nyumba. Ukichukua mkopo wa nyumba benki, utaombwa kukata bima ya moto kwa ajili ya jengo na bima ya maisha kwa ajili ya deni, nazo ni bima nzuri, lakini hakuna hata moja kati yake itakayokulipa siku atakapotokea mtu na kusema nyumba hii ni ya marehemu baba yake. Sisi tulirithi mfumo wa kusajili miliki yenyewe, ambapo dola ndiyo inayotunza daftari na jina lililomo ndilo linalotambuliwa, tofauti na sehemu kubwa ya Marekani ambako ofisi za serikali hutunza nyaraka tu na kazi ya kuamua zina maana gani huachiwa wengine. Kwa hiyo ulinzi ambao wenzetu wanaununua kwa kampuni, sisi tunautafuta kwa miguu yetu, na mahali ambapo daftari linaishia ndipo hatari yetu inapoanzia.

Katika Dodoma daftari linaishia mapema katika maeneo mengi. Kuanzia mwaka 1973 ardhi ya mji huu ilisimamiwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliyokuwa ikitoa mikataba ya upangaji ya miaka 33, hadi Rais John Magufuli alipoivunja tarehe 15 Mei 2017 na majukumu yake yakahamia Manispaa ya Dodoma, ambayo ilipandishwa kuwa Jiji tarehe 26 Aprili 2018. Wenye mikataba ile waliambiwa wabadilishe wapate hati za miaka 99. Wapo waliobadilisha, wapo ambao hawakufanya hivyo, na wapo waliouza katikati ya safari, kwa hiyo utakutana na watu wa aina tofauti wakiwa na karatasi za aina tofauti, wote wakisema neno lilelile moja, hati. Ongeza hapo kwamba baada ya Serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba inahamia hapa kwa vitendo, mashamba ya uwele, mtama na zabibu yaliyokuwa pembezoni yalianza kukatwa viwanja kwa kasi kubwa, mengine yakipimwa kwa utaratibu na mengine yakiuzwa kwa hatua za miguu na vigingi vya miti. Tatizo linaloitwa milki pandikizi, yaani kiwanja kimoja kugawiwa watu wawili, limezaliwa katika mazingira hayo, na waathirika wake mara nyingi ni watu wawili waaminifu, kila mmoja na barua yake.

Serchi peke yake haitakuonyesha mgao wa pili ambao haujasajiliwa. Hapo inabidi kwenda Jiji kulinganisha namba ya kiwanja na kitalu na ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, kisha kumlipa mpima ardhi aliyesajiliwa aje na vifaa vyake atafute bikoni zote, yaani alama za mipaka, na kuthibitisha kwamba kiwanja kilichoandikwa kwenye karatasi ndicho hiki unachokanyaga. Nimeona mtu akionyeshwa kiwanja kizuri cha kona huku karatasi zikihusu kingine kilicho korongoni, mita mia tatu mbele. Karatasi zote zilikuwa sahihi.

Kisha kuna watu, na hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami kidogo, kwa sababu ramani na daftari haviwataji. Mwaka 2020, nikiwa bado natafuta, nilionyeshwa eneo Mkonze na kijana mmoja mwenye heshima na maneno mazuri, mwenye muhtasari wa kikao cha ukoo uliopigwa muhuri wa serikali ya mtaa. Nilirudi siku nyingine bila yeye wala dalali, nikamwamkia mzee wa Kigogo aliyekuwa akipukuchua mtama nyumba ya pili. Baada ya kunikalisha kwenye kigoda na kuniuliza habari za nyumbani, aliniuliza, "Mwanangu, shamba hilo unauziwa na nani? Maana mwenyewe tulimzika mwaka juzi, na watoto wake ni saba." Nilimtajia jina. Akanyamaza, kisha akasema, "Huyo ni wa tano."

Muhtasari wa ukoo ni hatua ya kuelekea mahakamani, wala hautoshi kuuzia. Mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama na kupewa barua ya usimamizi, na hata huyo anapouza, ni busara kuona ridhaa za warithi wenzake kwa maandishi. Vivyo hivyo kwa ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inadai ridhaa hiyo kwenye rehani. Muuzaji akikuambia hajaoa, mwombe aape kwa maandishi, na bado uende ukaulize majirani nani anapika katika nyumba ile. Siku hizi mimi huomba kumsalimia mama mwenye nyumba kabla sijataja bei. Wapo wanaoona ni ujuvi. Mimi naona ni heshima kwake, kwa kuwa nyumba ni yake pia.

Sasa niseme habari ya shangazi yangu wa Chang'ombe, kwa ruhusa yake, kwa sababu utapeli unaofanywa kwa jina la rehani unaumiza zaidi kuliko ule unaofanywa kwa jina la mauzo, na hausemwi vya kutosha. Shangazi ni mjane. Mwaka 2022 alihitaji shilingi milioni 2 na nusu kwa ajili ya matibabu ya mwanawe, akamwendea mkopeshaji wa mtaani, wale ambao watu wamewapa jina la kausha damu, na akaambiwa aache barua ya toleo ya nyumba kama dhamana. Alipewa karatasi mbili za kusaini. Moja ilikuwa ya mkopo. Ya pili ilikuwa na kichwa kisemacho mkataba wa mauziano, na alipouliza akajibiwa kwamba huo ni utaratibu tu, utachanwa siku atakapomaliza deni. Baada ya miezi minne deni lilisemekana kufika milioni 6, na Jumamosi moja asubuhi mkopeshaji akaja na mtu wa tatu kupima vyumba.

Watu humlaumu mjane kwa kusaini. Mimi ningependa tutazame kwa nini mkopeshaji alihitaji karatasi ile ya pili. Mkopo wenye dhamana ya nyumba, ukiandikwa kama ulivyo, unampa mkopaji kinga nyingi katika Sheria ya Ardhi: anabaki na haki ya kuikomboa mali yake kwa kulipa deni, lazima apewe taarifa ya maandishi kwamba ameshindwa kulipa, apewe siku 60 za kurekebisha, na hata ikifikia kuuzwa, anayeuza anawajibika kutafuta bei ya haki, na kinachozidi deni hurudi kwa mwenye nyumba. Mkataba wa mauziano hauna lolote kati ya hayo. Kwa karatasi moja iliyoandikwa dakika kumi, haki zote hizo zinafutwa, na nyumba ya milioni 35 inachukuliwa kwa milioni 2 na nusu. Karatasi ile haikuwa utaratibu, ndiyo iliyokuwa biashara yenyewe.

Kilichomwokoa shangazi ni jambo ambalo kwa mnunuzi lingekuwa hatari: nyumba ilikuwa bado katika jina la marehemu mumewe na mirathi haikuwa imefunguliwa, kwa hiyo hakuwa na uwezo wa kuiuza hata kama angetaka, na mkopeshaji hakuweza kuhamisha chochote. Tulifungua mirathi, akateuliwa msimamizi, wakili akaandika barua, na shauri lilipofika Baraza la Ardhi na Nyumba likaishia kwenye maridhiano. Alilipa milioni 3 na laki 4, akarudishiwa barua ya toleo, na mkataba ule ukabatilishwa kwa maandishi. Mkopeshaji hakuwa na leseni inayotakiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na nadhani hofu ya swali hilo ndiyo iliyomfanya akubali kuzungumza.

Kuhusu matangazo ya mikopo ya nyumba yanayozunguka kwenye simu, yale ya riba ndogo ajabu na fedha kutoka ndani ya saa 24, nitasema machache, maana dalili yake ni moja: unaombwa kulipa kwanza. Ada ya fomu, ada ya bima, ada ya kufungua faili, zote kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Mkopo wa nyumba wa kweli huchukua wiki nyingi, huanza na uthamini wa nyumba na upekuzi wa hati, na benki haikutumii ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Malipo ya serikali nayo, iwe ni serchi, kodi ya pango au uhamisho, hulipwa kwa kontroli namba, si mkononi mwa mtu anayesema anafahamiana na mtu wa ndani. Binamu yangu anasema hata kwao, pamoja na bima zote, wezi huingilia barua pepe za mawakala wa ununuzi na kumtumia mnunuzi namba mpya ya akaunti siku moja kabla ya kulipa, na watu wamepoteza akiba za maisha kwa ujumbe mmoja. Kwa hiyo ukipata ujumbe kwamba akaunti ya muuzaji imebadilika, mpigie kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo, au mfuate alipo. Ujumbe wenyewe unaweza kuupeleka 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu.

Mwaka 2024 nilikaa upande wa pili wa meza, nikiuza kiwanja changu cha Nala ili nimalizie nyumba ya Iyumbu niliyoipata hatimaye. Nilidhani muuzaji hana la kuogopa. Mnunuzi wa kwanza aliniomba hati halisi aipeleke benki akaombee mkopo, na alionekana kushangaa kwa dhati nilipomjibu kwamba nakala iliyothibitishwa na wakili inatosha kuanzia, na hati yenyewe itatoka mikononi mwangu pale tu benki yake itakapompa wakili wangu ahadi ya maandishi ya kunilipa. Hakurudi. Hati yako ikikaa wiki mbili kwa mtu usiyemjua, huwezi kujua imewekwa mezani kwa nani.

Mnunuzi wa pili alipendekeza tuandike mikataba miwili, mmoja wa bei halisi na mwingine wa bei ndogo wa kupeleka mamlaka ya mapato, ili kodi ipungue. Wapo wanaolitenda hili kila siku na kulihesabu kuwa werevu. Licha ya kuwa ni kosa la jinai, fikiria mauzo yakivunjika na mkabaki mahakamani: mkataba uliopelekwa serikalini ndio utakaosomwa, na mnunuzi aliyelipa milioni 20 atadai milioni 8 aliyoiandika mwenyewe. Nililipa kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida baada ya kuondoa gharama nilizokuwa na risiti zake, naye mnunuzi wa tatu, mwalimu, akalipa ushuru wa stempu wa asilimia 1. Uthamini uliidhinishwa, tukajaza fomu za uhamisho wa ardhi, namba 29, 30 na 35, mbele ya wakili, mke wangu akasaini ridhaa yake, na fedha zikaingia kwenye akaunti yangu benki, ambako nilikwenda mwenyewe kuuliza salio badala ya kutegemea ujumbe alionionyesha kwenye simu yake. Mwalimu hakuchukia. Alisema angekuwa mimi angefanya hivyohivyo.

Uhamisho ulipokamilika tulikwenda pamoja kuchukua hati. Aliisoma ukurasa kwa ukurasa akiwa amesimama, akaona jina lake, akanishukuru, kisha akaniomba nimsubiri kidogo nje. Alikuwa anarudi dirishani kulipia serchi ya kiwanja kilekile.